Bendi Hii Iliandikwa na Nani?

Mwaka 1976 ndugu watatu wa Detroit, Marekani, walitoa santuri moja ndogo yenye nyimbo mbili. Lebo ilikuwa yao wenyewe na nakala zilikuwa 500 tu. David Hackney alipiga gitaa, Bobby aliimba na kushika besi, Dannis alikaa kwenye ngoma. Bendi waliiita Death, yaani Kifo, jina alilolichagua David baada ya baba yao kufa katika ajali, na jina hilo ndilo lililowafungia milango. Wanavyosimulia wenyewe, Clive Davis, kigogo wa muziki aliyegharimia kurekodi kwao, aliwataka watafute jina jingine. David hakukubali. Fedha zikakatika, nyimbo 12 zilizopangwa zikaishia saba, redio hazikuwajali, na kufikia mwaka 1977 bendi ilikuwa imekwisha. Walihamia jimbo la Vermont, wakajaribu roki ya injili. Baadaye David akarudi Detroit, wenzake wakabaki huko wakipiga rege.

Tuseme mwaka 1980 kungekuwapo kamusi elezo kama Wikipedia, na mpenzi wao mmoja wa mtaani akawafungulia ukurasa. Angeandika kwamba walikuwa wakali, kwamba hakuna Mmarekani aliyepiga gitaa kwa kasi ile kabla yao, kwamba siku moja dunia itawajua. Mhariri angeuliza swali moja: nani mwingine ameandika hayo? Jibu lingekuwa hakuna. Ukurasa ungefutwa, na kwa maoni yangu ungefutwa kwa haki.

Najua kauli hiyo inaudhi, hasa kwa anayejua yaliyofuata. David alifariki mwaka 2000 kwa saratani ya mapafu. Kabla ya hapo alimkabidhi Bobby kanda za studio na kumsihi azitunze, kwa kuwa ipo siku watu watakuja kuzitafuta. Walikuja kweli. Wakusanyaji wa santuri walianza kuuziana zile nakala chache kwa bei ya kutisha. Mwaka 2009 lebo ya Drag City ya Chicago ikatoa nyimbo zote saba katika albamu iitwayo ...For the Whole World to See, na Machi mwaka huohuo gazeti la New York Times likachapa makala ndefu juu ya ndugu hao. Mwaka 2012 ikafuata filamu ya hali halisi. Leo atakayependekeza ukurasa wa Death ufutwe atachekwa. Muziki ni uleule uliorekodiwa mwaka 1975, haujaongezwa hata pigo moja la ngoma. Kilichoongezeka ni watu wasio jamaa zao na wasio na hisa katika mauzo, ambao walikaa chini wakawaandika.

Wanamuziki wengi wanaokuta ukurasa wao umefutwa hudhani wamepigiwa kura ya ubora na kushindwa. Wanafoka, wanaorodhesha maonyesho waliyofanya, wanataja idadi ya wafuasi mtandaoni, wengine wanadai kuna njama. Ni maumivu ya bure, kwa sababu hakuna aliyeusikiliza muziki wao ili kuamua. Kwa utaratibu ulivyo, hakuna hata aliyetakiwa kuusikiliza.

Kamusi elezo za karatasi hazikuwa na tatizo hili, kwani nafasi ndiyo iliyoamua. Toleo la mwisho la Britannica lililochapwa, lile la mwaka 2010, lilikuwa na mabuku 32, na bendi ya vijana waliouza santuri 500 isingefika hata kwenye kikao cha wahariri. Wikipedia, iliyoanza Januari 2001, haina mwisho wa kurasa. Ingeweza kumpokea kila aliyewahi kushika gitaa. Kwa kuwa haikuwa na ukuta wa karatasi, ilibidi ijenge uzio mwingine, na uzio huo ni ushahidi wa maandishi kutoka kwa mtu asiyehusika.

Toleo la Kiingereza lina mwongozo mahususi wa bendi na wanamuziki. Una vigezo takriban kumi na viwili, na kutimiza hata kimoja huweza kutosha. Kuna wimbo ulioingia katika chati ya taifa, albamu iliyopata hadhi ya dhahabu, albamu mbili au zaidi kwenye lebo kubwa au lebo huru yenye jina, tuzo kubwa au hata kuteuliwa kuiwania, nafasi ya kwanza hadi ya tatu katika shindano kubwa la muziki, kupigwa mfululizo katika redio ya taifa, kuwa mwakilishi mkuu wa mtindo fulani au wa muziki wa mji fulani. Lakini cha kwanza katika orodha ndicho kigezo mama: bendi iwe imeandikwa kwa kina, zaidi ya mara moja, katika machapisho yanayoaminika na yasiyo chini ya mkono wake. Vingine vyote ni dalili tu kwamba maandishi ya namna hiyo huenda yapo mahali. Mwongozo wenyewe unatumia neno “huenda”, na wahariri wakongwe wanalikazia.

Ukurasa ukitiliwa shaka unaweza kuondoka kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya haraka: kama maandishi hayaonyeshi hata kwa mbali kwa nini bendi ina umuhimu, mkabidhi yeyote, yaani mhariri aliyepewa mamlaka ya kufuta kurasa, anaweza kuufuta papo hapo bila mjadala. Bendi zimetajwa kwa jina katika kanuni hiyo, pamoja na watu binafsi, makampuni na tovuti, na haishangazi. Kila mji duniani una vijana wanne waliopata amplifaya mwezi uliopita, na mmoja wao hakosi kuwa na kompyuta. Njia ya pili ni mjadala wa siku saba. Mmoja anasema futa, mwingine anasema baki, wa tatu anapendekeza habari hizo ziunganishwe na ukurasa wa mwimbaji wao. Mwisho mkabidhi anasoma hoja na kuamua. Mikono haihesabiwi. Mashabiki 40 waliojiandikisha jana ili waseme “baki” wanaweza kushindwa na mtu mmoja aliyetafuta magazetini na kueleza alichokikosa.

Kwamba ubora haumo katika mizani, mfano mzuri ni The Shaggs. Hawa walikuwa mabinti wa familia moja wa mji mdogo wa Fremont, jimbo la New Hampshire, waliosukumwa na baba yao kuunda bendi ya roki. Mwaka 1969 walirekodi albamu Philosophy of the World. Ngoma inakwenda njia yake, gitaa linakwenda njia yake, na sauti inajitafutia mahali pa kupita katikati. Inasimuliwa kwamba nakala 1,000 zililipiwa, zikafika 100. Wengi wanaosikia albamu ile kwa mara ya kwanza wanadhani spika imeharibika. Lakini ilitolewa upya mwaka 1980, jarida la New Yorker likaandika habari zao kwa urefu mwaka 1999, na baadaye ikatungwa tamthilia ya muziki juu ya maisha yao. Kamusi elezo haisemi walipiga vizuri. Inasema nani alisema nini juu ya walivyopiga, na kwa Shaggs hayo ni mengi kuliko kwa mamia ya bendi zilizojua kukaza nyuzi.

Anayeona masharti haya ni ukaidi wa wahariri na amtazame Threatin. Mwaka 2018 mwanamuziki mmoja wa Los Angeles, Jered Threatin, alifanya ziara ya Ulaya na bendi yake ya roki. Kumbi zilimpokea kwa sababu kila kitu kilionekana kimekamilika: alikuwa na lebo, wakala, tuzo, video zenye umati ukipunga mikono, maelfu ya wafuasi mtandaoni. Lebo aliibuni mwenyewe. Wakala alimbuni mwenyewe. Wafuasi walinunuliwa. Katika ukumbi wa Underworld, Camden, London, wenye ukumbi waliambiwa tiketi 291 zimeshauzwa. Walioingia walikuwa watu watatu. Wapiga vyombo aliowakodi waliachana naye ziara ikiwa njiani. Fikiria ukurasa wa kamusi elezo uliojengwa juu ya tovuti ya bendi ile, lebo ile na tuzo zile. Kila sentensi ingekuwa na rejeo, na kila rejeo lingerudi kwa mtu yuleyule aliyekaa chumbani kwake.

Kichekesho ni kwamba Threatin alifuzu. BBC, Guardian na New York Times waliuandika ulaghai wake kwa kina, bila malipo yake na bila idhini yake, yaani kwa masharti yote yanayotakiwa. Aliukosa umaarufu alioutengeneza, akaupata kwa kukamatwa akiutengeneza. Mwaka 2025 mambo yalikwenda mbali zaidi. Kundi lililojiita The Velvet Sundown lilifikisha wasikilizaji zaidi ya 1,000,000 kwa mwezi katika Spotify, kisha ikakiriwa kwamba muziki, picha na hadithi yake vilitengenezwa kwa akili unde. Bendi isiyo na mtu hata mmoja iliandikwa na magazeti ya nchi nyingi. Kwa hiyo idadi ya wasikilizaji, ambayo vijana wa leo huitanguliza kama hati ya kiwanja, haithibitishi hata kwamba bendi ina wanadamu ndani yake.

Mpaka hapo niko upande wa wenye uzio. Tatizo langu linaanza ninapouleta uzio huo Dar es Salaam.

Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku katika mji huo, katika zile siku ambazo sketi fupi, suruali za kubana na nywele za afro zilikuwa hoja ya siasa. Mwaka uliofuata ikazaliwa hapohapo bendi iliyoitwa Sunburst, yenye wanamuziki wa Tanzania na wa Kongo, wakichanganya roki, soul na gitaa la Kikongo, wakiimba kwa Kiswahili na Kiingereza. Wimbo wao Simba Anguruma ukiusikiliza leo unashangaa kwamba ulipigwa na watu wa mji uleule wa bendi ya dansi ya NUTA Jazz. Walihamia Zambia, na mwaka 1976 ikatoka albamu yao pekee, Ave Africa. Kisha wakatawanyika. Mwaka 2016 lebo ya Strut ilikusanya albamu hiyo pamoja na nyimbo zao za kabla yake, kuanzia 1973, ikaitoa upya.

Nichukue vigezo vile nivipitishe kimoja kimoja juu ya Sunburst. Chati ya taifa? Tanzania ya 1973 haikuwa na chati ya mauzo ya santuri. Hadhi ya dhahabu? Hakukuwa na chombo cha kuitoa. Albamu mbili kwenye lebo kubwa? Nchini hakukuwa hata na kiwanda cha kufyatulia santuri. Aliyetaka santuri alipanda gari kwenda Nairobi. Bendi nyingi zilikuwa mali ya taasisi, za chama cha wafanyakazi, za jeshi, za polisi, za umoja wa vijana, na zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kurushwa hewani. Kanda zilibaki kwenye maktaba ya redio, hazikwenda dukani. Kwa hesabu ya lebo na albamu, muziki wa Tanzania wa miaka ile, uliochezwa usiku kucha na nchi nzima, karibu haukuwapo.

Kigezo cha redio ndicho pekee kinachotufaa, na nashangaa hakitumiki zaidi. Tanzania Bara redio ilikuwa moja, ya taifa, na ilipiga nyimbo hizo miaka nenda rudi. Lakini hata hapo mhariri atataka karatasi. Ratiba ya vipindi iliyochapwa gazetini inasaidia kidogo. Kauli kwamba kila mtu anakumbuka haisaidii kitu.

Hali ya Zambia inafundisha. Huko Rais Kenneth Kaunda aliagiza redio ijaze muziki wa nyumbani, asilimia 95, na vijana wa miji ya shaba wakaitikia kwa magitaa ya umeme yaliyokuzwa hadi kukwaruza. WITCH ya Emanyeo Chanda, aliyejulikana kama Jagari, ilitoa albamu kadhaa. Musi-O-Tunya walirekodi albamu yao Wings of Africa jijini Nairobi mwaka 1975. Amanaz walitoa albamu moja tu, Africa, mwaka 1975, kisha kimya. Bei ya shaba ilianguka, kanda za wizi zikaua biashara ya santuri, na baadaye Ukimwi ukawamaliza wanamuziki wengi wa kizazi kile. Jagari aliishia kuchimba vito. Miaka thelathini na kitu baadaye lebo za nje, hasa Now-Again ya California, zilianza kuzitoa upya albamu hizo, wahakiki wakaandika, na leo hakuna mjadala juu ya WITCH. Hata Amanaz, wenye albamu moja, wanapita kwa urahisi, kwa sababu albamu hiyo moja imehakikiwa katika nchi nyingi.

Sasa angalia ushahidi huo umetoka wapi. Death waliokolewa na wakusanyaji wa santuri na gazeti la mji mwingine. Wazambia waliokolewa na lebo ya California. Sunburst na lebo ya Ulaya. Anayetafuta Afro 70 ya Patrick Balisidya nje ya Tanzania anaikuta Sweden, kwa kuwa mwaka 1978 ilitoa albamu iitwayo Bado Kidogo pamoja na kundi la roki la huko, Archimedes Badkar, na Waswidi hutunza kumbukumbu zao. Nairobi ya juzi haina tofauti. Wawili wa Duma, bendi ya roki nzito iliyopitiliza, walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Uhakiki uliowapa uzito mbele ya wahariri uliandikwa Marekani na Uingereza. Gazeti la nyumbani likija kuwaandika, mara nyingi linaandika kwamba wameandikwa nje.

Wakenya walilionja hili Machi 2010. Kundi la Just a Band lilitoa video ya wimbo Ha-He yenye shujaa aitwaye Makmende, na Kenya nzima iliyokuwa mtandaoni ikashikwa na kichaa cha utani juu yake. Mtu akamfungulia Makmende ukurasa katika Wikipedia ya Kiingereza, ukafutwa. Ukafunguliwa tena, ukafutwa tena. Mhariri aliyekaa maelfu ya kilomita kutoka Nairobi aliona jina la kubuni na vichekesho, akafanya alichofundishwa. Mtafiti Ethan Zuckerman wa Marekani aliandika juu ya kisa hicho, vyombo kama CNN vikafuata, na ukurasa ukasimama. Jambo lililokuwa kubwa kwa Wakenya lilithibitika kuwa kubwa lilipoandikwa na wasio Wakenya.

Haya hayatokei kwa bendi tu. Mei 2018 rasimu ya ukurasa wa mwanafizikia Donna Strickland wa Canada ilikataliwa kwa kukosa vyanzo vya kutosha. Oktoba mwaka huo alipata Tuzo ya Nobel. Wahariri walishambuliwa sana, lakini mkuu wa wakfu unaosimamia Wikipedia wakati huo, Katherine Maher, alijibu kwamba kamusi elezo ni kioo cha upendeleo uliopo katika jamii na katika vyombo vya habari. Nakubaliana naye nusu. Kioo hakichagui pa kuelekea, mhariri anachagua. Aliyetafuta bendi ya Dar es Salaam kwenye injini ya utafutaji kwa dakika tano, kwa Kiingereza, akakosa, hajatafuta.

Kanuni zenyewe hazimtumi afanye hivyo. Zinasema wazi kwamba chanzo si lazima kiwe mtandaoni, na si lazima kiwe kwa Kiingereza. Ukurasa wa gazeti la Uhuru au Mzalendo la mwaka 1974, wenye tarehe na namba ya ukurasa, una uzito uleule wa makala ya New York Times, hata kama nakala yake iko kwenye kabati la mkusanyo wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na hakuna aliyeipiga picha. Vivyo hivyo Ngurumo la kabla halijafa, na Taifa Leo la Kenya. Mwanahistoria Andrew Ivaska aliandika kitabu kizima juu ya vijana na mitindo katika Dar es Salaam ya miaka ya sitini, na sehemu kubwa ya ushahidi wake ni magazeti hayo, hadi barua za wasomaji waliogombana kuhusu soul. Kwa hiyo watu walikuwa wakiandika. Tusipate tabu ya kulaumu mababu kwa uzembe ambao ni wetu.

Kuna waliojaribu njia nyingine. Mwaka 2011 Achal Prabhala wa India aliendesha mradi, kwa fedha za wakfu wa Wikimedia, wa kutumia mahojiano yaliyorekodiwa kama rejeo, katika vijiji vya India na Afrika Kusini. Hoja yake ilikuwa kwamba michezo ya watoto na pombe za kienyeji zinajulikana na mamilioni ingawa hazina kitabu. Toleo la Kiingereza halikuikumbatia njia hiyo. Kwa michezo ya watoto ningeikubali kesho asubuhi. Kwa bendi nasita, na sababu ni Threatin. Mpiga gitaa wa zamani akihojiwa kuhusu bendi yake ni shahidi mzuri wa nani alipiga nini na lini, lakini ni shahidi mbaya wa umuhimu wake mwenyewe. Hata maelezo ya ndani ya jalada la albamu iliyotolewa upya yana kasoro hiyo. Mara nyingi yameandikwa na mtafiti hodari, ila amelipwa na muuzaji.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, haifungwi na masharti ya toleo la Kiingereza. Kila toleo la lugha linajipangia. La Kiswahili lina ukurasa wake wa makala zinazopendekezwa kufutwa, na wakabidhi wake ni wachache kiasi kwamba wanafahamiana. Uhuru huo una faida na hatari. Faida ni kwamba mkabidhi anayejua Radio Tanzania ilikuwa nini hahitaji kuelezwa kwa nini bendi isiyo na albamu ilikuwa kubwa. Hatari ni kwamba uzio mfupi unarukwa na kila meneja wa msanii chipukizi aliyeambiwa kwamba ukurasa wa Wikipedia utamletea alama ya uthibitisho kwenye mitandao. Nimesoma kurasa za namna hiyo: kijana amezaliwa, alipenda muziki tangu utotoni, ametoa wimbo, wimbo umepokelewa vizuri, na chini yake viungo vinne vinavyokwenda YouTube. Kuzifuta hizo si ukoloni.

Kuna pia hatua ya katikati ambayo wenye bendi huiona tusi, nami naiona heshima ya kutosha. Bendi ambayo ushahidi wake ni aya mbili katika kitabu cha mtu mwingine haihitaji ukurasa wake. Inahitaji aya mbili ndani ya ukurasa wa muziki wa Dar es Salaam, au wa mwimbaji aliyevuma baadaye, na jina lake lielekezwe hapo. Ushahidi ukipatikana, aya inakua na kuhamia kwake. Death wangeweza kuishi hivyo tangu 1980: sentensi moja katika historia ya roki ya Detroit, kama mwandishi mmoja tu wa mji ule angewataja.

Na Sunburst? Ningesema ibaki, na nisingeegemea umaarufu wao wa zamani wala uzuri wa Simba Anguruma. Ningeanza na tahakiki za mwaka 2016 zilizoandikwa na watu wasiolipwa na Strut. Hizo peke yake zinavuka mstari. Kisha ningekataa ukurasa uishie hapo, kwa sababu ungekuwa ukurasa kuhusu bidhaa ya lebo ya Ulaya, wenye Dar es Salaam kama mandhari ya picha. Sehemu ya 1970 hadi kuhama kwao lazima itoke kwenye magazeti ya mji waliopigia: walipiga kumbi zipi, wiki zipi, nani aliwasifu, nani aliwaona wahuni. Kama hakuna aliyekwenda kuyafungua mabuku hayo, sehemu hiyo ibaki na sentensi mbili zinazothibitika, na maneno kama “gwiji” na “waasisi” yasubiri mpaka mtu aje na tarehe ya gazeti na namba ya ukurasa.